Uponyaji wa kiwewe katika wilaya za Ngara na Biharamulo

Uponyaji wa kiwewe ni safari ambayo mtu aliyepatwa na tukio la kutisha hupunguziwa hatua kwa hatua hofu, huzuni, hasira na aibu zilizobaki nafsini mwake baada ya tukio lenyewe kupita. Njia zake kuu ni ushauri nasaha na tiba ya kisaikolojia, yaani mazungumzo yenye mpangilio yanayoongozwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, zimepitiwa na matukio mengi ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 60: wimbi baada ya wimbi la wakimbizi, UKIMWI, ujambazi wa barabarani na mlipuko wa maradhi ya Marburg. Walioathirika ni wakimbizi na wenyeji pia. Wengi wao hawajawahi kukutana na mtaalamu wa afya ya akili. Hata hivyo, utafiti uliofanyika katika maeneo ya jirani ya Uganda na katika Mkoa wa Kilimanjaro unaonyesha kwamba watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa vizuri wanaweza kutoa sehemu kubwa ya msaada huu.

## Istilahi

Neno *kiwewe* kwa asili lina maana ya hali ya kuchanganyikiwa kwa hofu au mshtuko. Siku hizi hutumika pia kwa jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio linalotishia uhai, mwili au heshima ya mtu, kama vile vita, kubakwa, kupigwa, ajali, au kushuhudia mtu akiuawa. Wengine huliita *jeraha la kihisia* au *jeraha la moyo*.

Nchini Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, lilienea neno *ihahamuka*, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kuishiwa pumzi kwa hofu. Lugha za Kihangaza na Kishubi, zinazosemwa Ngara, ni za kundi moja na Kinyarwanda na Kirundi. Kwa hiyo mzungumzaji wa lugha hizo naye mara nyingi hueleza mateso ya nafsi kwa kutaja mwili: moyo unaodunda, kifua kinachobana, kichwa kinachojaa.

Katika tiba, kiwewe kinachoendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha huitwa *maradhi ya mfadhaiko baada ya kiwewe*. Maradhi hayo yaliingizwa katika mwongozo wa maradhi ya akili wa Marekani mwaka 1980, hasa baada ya kuchunguzwa kwa askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika mwaka 2022, imeongeza aina ya pili iliyo nzito zaidi. Aina hiyo huwapata hasa watu walioteswa kwa muda mrefu au mara nyingi, kwa mfano mtoto anayenyanyaswa nyumbani kwa miaka.

Si kila aliyeona jambo la kutisha anakuwa mgonjwa. Kwa makadirio ya WHO, karibu asilimia 70 ya watu duniani hupatwa na tukio la namna hiyo angalau mara moja maishani, lakini waliowahi kuugua maradhi hayo ni kama asilimia 4 tu ya watu wote. Kiwango hicho huwa kikubwa zaidi baada ya vita na baada ya ukatili wa kingono.

## Matukio katika eneo hili

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na ina vituo vya mpakani vya Rusumo na Kabanga. Wakimbizi kutoka Rwanda walianza kuingia mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadhi yao walipewa makazi Muyenzi. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwasukuma watu wengi kuingia Tanzania. Mwezi Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, wakaja wengine.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takriban saa 24. Kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kutoka kampuni ya ujenzi ya Italia, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani wakati huo. Wakimbizi waliwazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi. Katika wiki hizo miili ya waliouawa ilielea katika Mto Kagera, ikapita maporomoko ya Rusumo hadi Ziwa Viktoria, ambako mamia kwa maelfu waliopolewa upande wa Uganda na kuzikwa. Watu wa kando ya mto waliona hayo kwa macho, watoto wakiwemo.

Kambini waliishi pamoja watu wa hali tofauti: waliofiwa, walioshuhudia, na baadhi ya walioshiriki katika mauaji. Jambo hilo lilifanya iwe vigumu kusema yaliyotokea, kwa kuwa msikilizaji hakujulikana ni nani. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao kwa wingi. Warundi waliendelea kuishi katika kambi za Lukole, wilayani Ngara, hadi zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2000.

Mambo mengine yaliyoacha majeraha katika wilaya hizi ni haya:

* UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera. Watoto wengi waliuguza wazazi wao kabla ya kuwazika, kisha wakalelewa na bibi au na kaka na dada.
* Ujambazi. Kwa miaka mingi baada ya 1994 silaha zilizagaa, na mabasi yaliyopita katika misitu ya Biharamulo na Ngara yalisindikizwa na polisi. Walioporwa njiani wengine walijeruhiwa au kubakwa.
* Kuondolewa kwa wahamiaji mwaka 2013. Katika zoezi lililojulikana kama Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu wa asili ya Rwanda, Burundi na Uganda waliondoka au kuondolewa nchini. Baadhi ya familia za ndoa mchanganyiko zilitengana.
* Mlipuko wa Kihinga. Mwezi Novemba 2017 bomu la kutupa kwa mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, likaua wanafunzi kadhaa na kujeruhi makumi.
* Marburg. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza mlipuko wa maradhi hayo wilayani Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, watu 10 walikuwa wamekufa: 2 waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliodhaniwa. Katika maradhi ya aina hii maiti huzikwa kwa tahadhari maalumu, bila kuoshwa na kuagwa na jamaa kama kawaida.

Zaidi ya hayo kuna majeraha yasiyoingia katika habari: kipigo cha nyumbani, ubakaji wa watoto, ajali za bodaboda, na kufiwa na mtoto wakati wa kujifungua.

## Jinsi kiwewe kinavyofanya kazi

Mwili ukikabiliwa na hatari hujiandaa kupigana, kukimbia au kuganda. Moyo hudunda haraka, misuli hukaza, na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele ya hatari. Hatari ikipita, kengele hunyamaza na tukio huhifadhiwa kama jambo la zamani, lenye mahali pake na tarehe yake.

Katika kiwewe uhifadhi huo haukamiliki. Kumbukumbu hubaki vipande vipande: harufu, sauti, picha, maumivu ya mwili. Vipande hivyo havina alama ya "zamani". Mlio wa tairi kupasuka, harufu ya moshi, au mtu aliyevaa sare ya aina fulani huviamsha, na mwili hujibu kana kwamba tukio linatokea tena wakati huo. Ndiyo sababu mtu anayejua fika kuwa vita vimekwisha bado anaweza kujificha chini ya kitanda akisikia fataki.

Mgonjwa hujilinda kwa kukwepa: hapiti njia ile, hataji jina lile, haendi msibani. Ukwepaji humpa nafuu ya muda, lakini huzuia kumbukumbu kupangwa upya, na eneo la maisha yake huzidi kuwa dogo. Tiba nyingi za kiwewe zimejengwa juu ya hoja hii moja: kumbukumbu ikisimuliwa mara kwa mara mahali salama, vipande vyake huungana na kuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho, na kengele hupungua nguvu.

## Dalili

Kwa watu wazima dalili za kawaida ni hizi:

* kumbukumbu zinazokuja bila kuitwa, na ndoto za kutisha zinazojirudia;
* kukwepa watu, mahali au mazungumzo yanayokumbusha tukio;
* kushtuka upesi, kukosa usingizi, na kuwa macho daima kana kwamba adui yu karibu;
* ganzi ya hisia, kujilaumu, na kuona kwamba hakuna wa kuaminika;
* maumivu ya kichwa, tumbo au mgongo ambayo vipimo havionyeshi chanzo chake;
* ulevi, au hasira inayomwangukia mwenzi na watoto.

Kwa watoto sura huwa tofauti. Mdogo hurudi nyuma kimakuzi: anakojoa kitandani, anamng'ang'ania mama, au anaigiza tukio lilelile katika mchezo kila siku. Wa umri wa shule hushindwa kutuliza akili darasani, alama zake hushuka ghafla, hukaa peke yake au hugombana. Mwalimu anaweza kumdhania mvivu au mtukutu. Kumchapa mtoto wa namna hii huongeza hofu ileile inayomzuia kujifunza. Dalili inayofaa kuchunguzwa kwanza ni *badiliko*: mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu akanyamaza, au mtulivu akawa mkali, baada ya tukio linalojulikana au lisilojulikana.

## Ushauri nasaha na tiba ya kisaikolojia

Maneno haya mawili hutumika wakati mwingine kama kitu kimoja, lakini yana tofauti.

Ushauri nasaha ni mazungumzo ambayo mnasihi humsaidia mtu kuelewa tatizo lake na kujitafutia njia. Licha ya jina lake, kazi yake kubwa ni kusikiliza, wala si kutoa mawaidha. Nchini Tanzania ulienea hasa kupitia huduma za UKIMWI, na wananchi wengi wameufahamu kupitia upimaji wa virusi.

Tiba ya kisaikolojia huenda mbali zaidi: hufuata utaratibu maalumu wa kutibu maradhi yanayotambulika, kwa idadi ya mikutano iliyopangwa, na hupima kama dalili zinapungua. Hutolewa na mwanasaikolojia, daktari wa magonjwa ya akili, au mtu aliyefundishwa utaratibu huo na kusimamiwa na wataalamu hao.

Yote mawili hushikilia masharti yaleyale: usiri, hiari ya mteja, na kutomhukumu. Mnasihi hueleza tangu mwanzo kwamba usiri una mipaka. Ikiwa maisha ya mteja au ya mtu mwingine yako hatarini, au mtoto anadhulumiwa, wahusika wengine wataarifiwa.

## Hatua za uponyaji

Daktari Mmarekani Judith Herman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, alipanga uponyaji katika hatua tatu ambazo zinafuatwa na wengi hadi leo.

1. Usalama. Kwanza mtu awe mahali ambapo hadhuriki tena, ale, alale, na aweze kuutuliza mwili wake. Mwanamke anayeendelea kupigwa nyumbani hawezi kuanza kutibiwa kumbukumbu kabla kipigo hakijakoma. Katika hatua hii hufundishwa mazoezi ya kutuliza, kama kupumua polepole huku pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Lingine ni kutaja vitu vitano anavyoviona, vinne anavyovigusa na vitatu anavyovisikia, ili akili irudi kwenye wakati uliopo.
2. Kukumbuka na kuomboleza. Mtu husimulia yaliyotokea, kwa kiasi anachoweza kukibeba, na kuyalilia aliyoyapoteza: watu, nyumba, ujana, imani.
3. Kuungana tena na maisha. Hurudi katika kazi, ndoa, ibada na shughuli za jamii. Kumbukumbu inabaki, lakini haimtawali.

Hatua hizi hazifuatani moja kwa moja. Mtu anaweza kufika ya tatu, kisha msiba mpya au siku ya kumbukumbu ikamrudisha ya kwanza kwa muda. Kurudi huko hakumaanishi kwamba tiba imeshindikana.

## Njia za tiba

### Tiba ya masimulizi

Tiba hii iliundwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kwa ajili ya watu waliopitia matukio mengi ya kutisha, hasa wakimbizi. Mteja hutandaza kamba sakafuni iwe mfano wa maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake huweka maua kwa matukio mema na mawe kwa mabaya, na kuyapa majina. Katika mikutano inayofuata husimulia maisha yake kwa kufuata kamba.

Wakifika kwenye jiwe, mtaalamu hupunguza mwendo. Huuliza ni wapi, saa ngapi, aliona nini, alisikia nini, mwili ulifanya nini, na sasa hivi unafanya nini. Hawaliachi jiwe hilo mpaka hofu iliyopanda imeshuka. Kila kinachosimuliwa huandikwa, husomwa mwanzoni mwa mkutano unaofuata, na kusahihishwa. Mwishoni mteja hukabidhiwa maandishi ya maisha yake. Kwa kawaida mikutano huwa kati ya 4 na 12, na kila mmoja huchukua kama dakika 90.

### Tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe

Hapa mteja huchunguza fikra zilizozaliwa na tukio, kama "ni kosa langu" au "hakuna mahali salama", na kuzipima kwa ushahidi. Sambamba na hilo hurudi kidogo kidogo katika mambo anayoyakwepa bila sababu ya hatari ya kweli. Katika toleo la watoto mlezi hushiriki pia: anajifunza yale anayojifunza mtoto, na mwishoni mtoto humsimulia hadithi yake.

### Tiba ya mahusiano katika kikundi

Watu 6 hadi 10 wenye hali inayofanana hukutana kila wiki. Huangalia jinsi majonzi yao yanavyohusiana na mambo manne: kufiwa, ugomvi, mabadiliko ya maisha, na upweke. Tiba hii hulenga zaidi sonona, ambayo mara nyingi huandamana na kiwewe.

### Tiba ya miondoko ya macho

Ilianzishwa na Francine Shapiro wa Marekani mwaka 1987. Mteja huishika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata kitu kinachosogezwa kushoto na kulia. Inahitaji mtaalamu aliyefundishwa mahususi, na hivyo ni adimu vijijini.

### Dawa

Dawa za sonona zinaweza kumsaidia mtu mzima, hasa akiwa na sonona pia, zikiandikwa na daktari. WHO haishauri kumpa mtu dawa za usingizi na utulivu za aina ya diazepamu kwa ajili ya mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Vilevile haishauri kumlazimisha asimulie kila kitu katika kikao kimoja siku chache baada ya tukio. Kinachofaa wakati huo ni *huduma ya kwanza ya kisaikolojia*: kumlinda, kumpa mahitaji, kumsikiliza akitaka kusema, na kumuunganisha na ndugu zake.

## Ushahidi kutoka maeneo ya jirani

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kagera, wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi, wala hawakuwa madaktari. Miezi kadhaa baada ya mikutano 6, waliokuwa hawana tena maradhi ya mfadhaiko walikuwa asilimia 70 ya waliopata tiba ya masimulizi. Kwa waliopata ushauri nasaha wa kiwewe walikuwa asilimia 65, na kwa waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa 37. Tofauti kati ya makundi mawili ya kwanza ni ndogo, na hilo linaonyesha kwamba msikilizaji aliyefundishwa ana uzito kama ulivyo utaratibu anaoutumia.

Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, tiba ya mahusiano katika kikundi ilijaribiwa katika vijiji 30 kwa muda wa wiki 16, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Vikundi viliongozwa na wenyeji wa huko. Waliokuwa na sonona walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5, na katika vijiji visivyopata tiba walipungua kutoka 94 hadi 55.

Nchini Tanzania, watoto yatima 64 mjini Moshi na vijijini kwake walipata tiba ya fikra na tabia kwa vikundi kwa wiki 12, na mwaka 2014 ikaripotiwa kwamba dalili zao zilipungua. Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusisha watoto 640 wa Moshi na wa Bungoma, Kenya. Mwishoni mwa tiba, waliotibiwa walikuwa na nafuu kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilibaki Kenya tu. Watoto wa Tanzania katika makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu.

Katika Mkoa wa Kagera wenyewe, mradi wa Humuliza ulioanzishwa Nshamba, Wilaya ya Muleba, miaka ya 1990 uliwasaidia yatima wa UKIMWI kuomboleza na kujitegemea. Vijana waliosaidiwa waliunda chama chao cha Vijana Simama Imara.

## Matanga, mila na dini

Jamii za Ngara na Biharamulo hazikukosa njia za kutibu majonzi kabla ya tiba za kisasa. Matanga huwakusanya majirani, humpa mfiwa ruhusa ya kulia, humsimulia marehemu, na huwa na siku ya kumaliza. Mambo hayo yanafanana kwa kiasi na hatua za tiba zilizoelezwa juu. Pale matanga yanaposhindikana, kama wakati wa vita au wa Marburg, huzuni hukosa mlango wa kutokea. Baadhi ya familia hufanya ibada ya maombolezo baadaye, hata bila mwili.

Mapadri, wachungaji na mashehe mara nyingi ndio wa kwanza kuambiwa. Msaada wao ni mkubwa wanaposikiliza na kutunza siri. Hugeuka madhara pale mtu aliyebakwa anapohimizwa "asamehe na kunyamaza" huku mtendaji akiendelea kuishi naye. Hugeuka madhara pia pale mgonjwa anapoambiwa kwamba dalili zake ni mapepo na kukatazwa kwenda hospitali.

Redio nayo ina nafasi yake. Redio Kwizera ya Ngara, ambayo jina lake lina maana ya tumaini, ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Ilitangaza habari za kuwaunganisha ndugu waliopoteana. Kumpata ndugu aliye hai ni moja ya mambo yanayotuliza kiwewe kuliko mazungumzo yoyote.

## Vikwazo

* Ukimya. Misemo kama "mwanamume halii" na "yaliyopita si ndwele" hutumika kumfunga mtu mdomo. Watu wengine huogopa kwamba kusema kutafufua uhasama wa kikabila au maswali kuhusu uraia.
* Unyanyapaa. Kuonekana kliniki ya akili huchukuliwa kuwa ni kuitwa mwendawazimu.
* Uhaba na umbali. Wataalamu ni wachache, na nauli ya kurudi kliniki kila wiki ni mzigo kwa mkulima.
* Lugha. Mzee anayesema Kihangaza, Kishubi au Kizinza anaweza kukosa maneno ya Kiswahili ya yaliyomo moyoni. Akitafsiriwa na mtoto wake, hatasema yote, na mtoto hubebeshwa yasiyomfaa.
* Sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hilo huwatia watu hofu ya kusema. Kuwa na mawazo ya kujiua na kuyasema ili kupata msaada si kosa.

## Mahali pa kupata msaada

Huduma za afya ya akili nchini zinaongozwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kwa kawaida mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya na kupewa rufaa. Hospitali zinazojulikana katika eneo hili ni Murgwanza ya Kanisa Anglikana na Rulenge ya Kanisa Katoliki wilayani Ngara, na Hospitali Teule ya Biharamulo. Juu yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, na Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, yenye idara ya magonjwa ya akili.

Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri hushughulikia watoto na familia. Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi hupokea kesi za ukatili. Aliyebakwa anafaa kufika kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina faida baada ya muda huo. Simu ya bure ya msaada kwa mtoto ni 116, na inaweza kupigwa na mtoto mwenyewe au mtu mzima kwa niaba yake.

Anayezungumzia kujiua, anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyeacha kula na kulala kwa siku kadhaa hufikishwa hospitali bila kungoja, na haachwi peke yake.

## Mipaka ya tiba

Tiba haimrudishi marehemu, wala haichukui nafasi ya haki mahakamani, ardhi iliyopotea au chakula. Baadhi ya watu hawapati nafuu kwa njia ya kwanza na huhitaji nyingine. Wapo pia wanaopona bila tiba yoyote, wakishikwa mkono na familia na majirani. Kwa makadirio ya WHO hadi asilimia 40 ya wagonjwa hupona ndani ya mwaka mmoja. Kwa wanaobaki, muda peke yake hautoshi: wakimbizi wa Nakivale walikuwa wakiteseka miaka mingi baada ya matukio yao, na bado tiba iliwafaa. Kwa hiyo mtu aliyeumizwa mwaka 1994 akiwa mtoto, ambaye leo ni mzazi, hajachelewa kuanza.

## Tazama pia

* Wilaya ya Ngara
* Wilaya ya Biharamulo
* Mauaji ya kimbari ya Rwanda
* Sonona
* Ushauri nasaha